Fundi Aliyeandika Vumbi

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekuja hapa kujisafisha. Kwetu wanasema niliurithi kwa shangazi mmoja aliyewahi kumfokea padri mlangoni mwa kanisa, lakini shangazi yule alikuwa akifoka na kusahau. Mimi nafoka, kisha nakumbuka.

Mama alikuja kukaa nami Ngoingwa katikati ya miaka ya tisini, baada ya kiharusi kumwua mkono wa kulia. Mguu ulirudi kidogo kidogo, ulimi nao ukarudi, lakini mkono ukakataa kabisa. Alikuwa mwanamke aliyechuma kahawa tangu usichana wake, ya watu na ya kwake, na sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akiutazama ule mkono mapajani kama mgeni aliyekataa kusalimia. Mimi nilikuwa karani katika kiwanda kimoja mjini Thika. Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nikarudi jioni. Sikuwa na mume wala mtoto wa kumwachia. Kutwa nzima mama alikuwa peke yake, na shida yake kubwa haikuwa upweke. Ilikuwa chakula cha mchana.

Hebu jaribu kuwasha kiberiti kwa mkono mmoja. Jaribu kufungua kifuniko cha thamosi kilichokazwa. Nilimwekea chakula kwenye hotpoti, akasema kufika saa saba kimeshaanza kunuka jasho. Nikamletea msichana wa kazi, akamfukuza siku ya tatu kwa sababu alichukua kijiko akataka kumlisha. Nikaleta mwingine, mtu mzima, mpole, na huyo naye hakumaliza mwezi. "Sijafika hapo," mama aliniambia. Wakati huo huo kaka yangu aliyekuwa na shamba Nyandarua alianza kutuma maneno kwamba mama apelekwe kwake, mkewe atamtunza. Mama na mke wa kaka hawakuwa wameelewana tangu siku ya harusi. Aliniomba mara moja tu, bila kuniangalia usoni: nisimpeleke kule akalishwe na yule.

Ndipo ikaja maikrowevu. Meneja mmoja mgeni pale kazini alikuwa anarudi kwao, akawauzia wafanyakazi vitu vya nyumba yake. Wenzangu waligombania friji na makochi. Mimi nikachukua lile sanduku jeupe lililobaki pembeni, ambalo wengi hawakujua hata linawashwa wapi. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nalo. Wamama wa chama walikuja kulitazama, mmoja wao akasimama mbali, mlangoni, akauliza kama ni kweli linaweza kumpika mtu maini akiwa amesimama. Mama alimjibu kwamba linapika wenye maswali mengi tu.

Mlango wake ulifunguka kwa kubonyeza mahali pamoja. Unaweka sahani, unafunga, unazungusha swichi hadi mbili, unangoja kengele. Mkono wa kushoto ulitosha. Siku ya kwanza niliporudi jioni nilimkuta amekula, ameosha sahani, na hakuningoja hata nivue viatu, akaanza kunieleza jinsi githeri, mahindi na maharagwe ya jana, ilivyotoa moshi. Alieleza kama mtu aliyepika mwenyewe. Nikaingia jikoni nikalia kidogo, kwa furaha, halafu nikatoka nikajifanya nimeumwa na kitunguu.

Na nyumba zetu mnazijua. Kitu kizuri hakikai uchi. TV ina kitambaa chake, redio ina chake, kila kiti kina kitambaa mgongoni na viwili vya mikono. Mama alifuma kroshia tangu zamani, na vitambaa vyake vilienda katika harusi nyingi. Cha mwisho kabisa, alichomaliza wiki chache kabla ya kiharusi, kilikuwa cheupe chenye pindo la manjano na nyuzi ndefu zinazoning'inia pande zote. Hicho ndicho kilichopewa maikrowevu.

Ilikaa nasi karibu mwaka mzima. Kisha, katika ile baridi ya mwezi wa sita, ikazima. Mama hakuniambia. Nilijua mwenyewe siku ya tatu, nilipokuta mafuta ya nyama yameganda meupe kwenye ukingo wa sahani.

"Imekataa kuwaka," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, "Kaka yako asisikie."

Nikaanza kutafuta fundi. Thika ilijaa mafundi wakati huo, kila kichochoro na redio zake zilizotolewa matumbo. Wa kwanza, karibu na stendi, aliitazama mashine nilipomfunulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Madam, hii si redio. Hii ni moto imefungiwa ndani. Mimi nikifungua, nani atasomeshea mimi watoto?"

Wa pili hakuogopa, na ingekuwa afadhali angeogopa. Alikaa nayo siku tisa. Kila nikipita baada ya kazi ananiambia kesho, na kesho yake ananiambia spea inatoka Dubai. Siku ya tisa nikagundua kwamba hajafungua hata skrubu moja, kwa maana utepe niliofungia waya ulikuwa na fundo langu lile lile. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Watu walisimama kusikiliza. Nikabeba mashine yangu nikaondoka nayo kifuani, naye akanisindikiza kwa macho akisema, "Haiya, huyu mama ana pepo."

Siku hizo zote mama alikula chakula baridi, na kila jioni alinipokea mlangoni, akatazama mikono yangu kwanza kabla ya uso. Kaka alikuwa ametuma maneno tena, kwamba atakuja mwisho wa mwezi na pikapu.

Aliyenitoa gizani ni mpishi mmoja tuliyepanga naye ploti moja, aliyefanya kazi katika hoteli upande wa Chania. Alisema za hoteli yao zikiharibika hupelekwa Ruiru, Gatongora, kwa mzee fulani Mwislamu aliyewahi kurekebisha vyombo vya jikoni katika mahoteli makubwa ya Nairobi. "Huyo hana haraka," alinionya, "lakini hafanyi kubahatisha."

Nikaomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa, nikafika Gatongora saa saba na nusu na mashine yangu, nikakuta mlango wa kibanda umefungwa. Bila shaka umefungwa, ni Ijumaa, mwenyewe yuko msikitini. Kila mtu angelifikiria hilo isipokuwa mimi. Nilikaa juu ya kreti la soda nje ya duka la jirani nikiwa nimevimba kwa hasira, nikimpangia maneno. Aliporudi, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, amevaa kofia nyeupe, aliniamkua taratibu, akaniomba radhi kwa kunikalisha juani, na maneno yangu yote yakakosa pa kuanguka.

Aliiweka mashine mezani, lakini hakuigusa. Akavuta kiti.

"Kwanza niambie, nani anatumia hii?"

"Mama yangu."

"Mama wa umri gani? Anaiweka wapi? Nyuma yake kuna ukuta? Anapanguza na nini?"

"Fundi," nikasema, "nimekuletea mashine. Sikukuletea mama."

Akacheka, hakukasirika. "Mashine haiwezi sema inaumwa wapi, dada. Lazima niulize mwenye kukaa na yeye."

Basi nikamweleza. Nikamweleza na mambo ambayo hakuuliza: kiharusi, kiberiti, kaka na pikapu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akachukua bisibisi. Alipotoa bati la nyuma aliniambia nisogee, akagusisha chuma mahali fulani ndani, pakatoa cheche na mlio uliofanya niruke. Alisema mashine hii huweka stima tumboni hata ikiwa imechomolewa siku nyingi, na ndiyo maana waoga wa Thika walikuwa na akili kuliko walivyojua. Kisha akaingiza koleo ndogo kwenye feni akaanza kuvuta kitu. Ulitoka uzi. Akavuta tena, ukatoka mwingine, na mwingine, mpaka akapata donge zima, jeupe kwa manjano, limejizonga kwenye mhimili wa feni.

Akaliweka kwenye kiganja. "Mama anafunikaga na kitambaa?"

Nililitambua lile pindo.

Akanieleza. Nyuzi zilivutwa na feni kupitia matundu ya nyuma, zikaikaba feni, joto likakosa pa kutokea, na kile kidude kinachokata stima mashine ikizidi kuchemka kikakata moja kwa moja. Zaidi ya hapo mashine ilikuwa nzima. Alikuwa na kidude cha namna hiyo katika kopo lake la vitu vya kale. Ilimchukua chini ya saa moja. Akaweka kikombe cha maji ndani, akazungusha swichi, na kengele ilipolia akanipa kile kikombe nikishike mwenyewe. Kilikuwa cha moto. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Wakati anafunga skrubu nilitazama rafu zake. Pasi, redio, blenda, kila kimoja kimefungwa kwa kamba kipande cha karatasi ngumu chenye jina la mwenyewe na chini yake kilichokiharibu. Nikasoma cha kwanza: VUMBI. Cha pili: VUMBI. Vyote vilikuwa vumbi.

"Kwani Ruiru yote imejaa vumbi tu?"

Akainua macho. "Hii pasi, mzee alirushia bibi yake. Hii redio, mtoto alimwagia uji. Hii blenda, mama mkwe aliweka mifupa ndani. Mimi nikiandika ukweli, hii vitu inarudi nyumbani na vita. Mashine naweza tengeneza. Nyumba ya mtu siwezi." Alichukua kipande kipya cha karatasi, akaandika jina langu, na chini yake, kwa herufi kubwa za polepole, VUMBI. "Vumbi haina mwenyewe, dada. Mwambie mama ni vumbi. Hiyo kitambaa toa polepole, useme unapeleka kuosha, halafu usahau kurudisha."

Nikamwambia sawa. Na nilipokuwa nasema sawa, nilimaanisha. Lakini lile donge la nyuzi alikuwa amelitupa kwenye ndoo ya takataka, nami kabla ya kuondoka nililiokota nikalitia kwenye mkoba. Hata leo sijui nililitakia nini kama si ubaya.

Nilifika nyumbani nimelowa na manyunyu, mikono inauma, nikiwa nimekula ndizi moja tangu asubuhi. Mama alikuwa mlangoni. Safari hii aliona mikono yangu na sanduku ndani yake, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Akanitangulia jikoni akiburuta mguu. Meza alikuwa ameshaipanguza. Nikaiweka mashine mahali pake, nikachomeka, taa ikawaka, naye akapiga paja lake kwa kiganja, kwa kuwa makofi yanataka mikono miwili. Kisha, kabla sijavuta pumzi, akachukua kile kitambaa kutoka begani mwake, alikokuwa amekiweka tayari, akakitupia juu.

Ningeweza kusema vumbi. Lilikuwa neno moja.

"Ni hiki!" nikapiga kelele. "Ni hiki kitambaa chako kimeiua! Unajua nimetembea wiki ngapi? Unajua nimetukanwa na nani na nani? Nimeenda mpaka Ruiru, kumbe ni wewe!" Nikafungua mkoba, nikalitoa lile donge, nikalitupa mezani mbele yake.

Alilitazama kwa muda mrefu. Labda aliitambua kazi ya mkono wake. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hiyo tangu nizaliwe mama aliniita *maitu*, yaani mama yangu, kwa mapenzi na kwa utani. Siku ile hakukuwa na utani.

"Nimekosa, maitu," akasema. Aliinamisha kichwa, mwanamke wa miaka sitini na saba, kama mtoto aliyevunja chungu mbele ya mamake.

Akakivuta kitambaa, akakikunja kwenye goti lake kwa mkono mmoja, mikunjo minne, akaenda nacho chumbani. Mimi nilienda kuoga. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilioga kwa kelele ili asikie.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilikuta TV iko uchi. Redio iko uchi. Viti vyote vimebaki na rangi yao ya zamani ambayo nilikuwa nimeisahau. Alikuwa amevitoa vitambaa vyote, kimoja kimoja, na kuvitia kwenye katoni chini ya kitanda chake. Nikamwuliza kwa nini, akasema havina kazi, vinaweka uchafu.

Na maikrowevu hakuigusa tena. Wiki ya kwanza nilidhani anaitumia. Aliniambia anaitumia. Lakini sahani haziwezi kusema uongo kwa mtu anayeziosha, na yale mafuta yaliyoganda yalikuwa yamerudi. Nikamwambia, kwa upole sasa, "Mama, imepona. Fundi amesema iko sawa kabisa." Akasema ndiyo, anajua. Siku nyingine nikamsimamisha mbele ya mashine kabisa, nikamwambia aizungushe swichi nikiwa pale. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha.

"Fanya wewe. Mimi nitaiharibu."

Nilibembeleza. Nilitania. Nilileta hata yule mpishi wa hoteli amweleze kwamba za kwao huharibika kila mwezi na hakuna anayelia. Mama alimpa chai, akamshukuru, na mchana wa kesho yake akala viazi baridi. Kaka alipokuja na pikapu yake nilimkatalia mlangoni, kwa mdomo wangu huu huu, na hiyo ni mara moja ambayo siujutii. Mama alibaki kwangu na hakulishwa na mtu. Lakini kile alichokuwa amekipata mwaka ule mmoja, cha kumngoja mtu jioni akiwa na habari ya kusimulia, kilikuwa kimekwisha, na ni mimi niliyekimaliza.

Jumamosi moja, labda mwezi baadaye, nilitoa ile katoni chini ya kitanda. Nilitaka kumpendeza. Niliviosha vitambaa vyote, nikavitia wanga, nikavipiga pasi, nikaanza kuvirudisha mahali pake huku yeye akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nilichukua cha TV kwa ncha mbili, nikakikung'uta, nikakitandika, kisha nikapitisha mkono nyuma, kule ukutani, nikavuta upande wa nyuma ushuke ulingane na wa mbele. Mkono wangu ukabaki kule nyuma.

Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kufanya hivyo. Anaweza kutupia kitambaa juu, kikakaa shaghalabaghala upande wa mbele, basi. Mwaka mzima, kila Jumamosi, aliyekiosha kitambaa cha maikrowevu ni mimi. Aliyekitandika ni mimi. Aliyepitisha mkono nyuma, akavuta zile nyuzi ndefu zikashuka vizuri juu ya matundu, kwa sababu sipendi kitu kikae upande, ni mimi.

Niligeuka. Mama alikuwa ananitazama, mimi na ule mkono wangu. Nilifungua mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno, kwa kaka wala kwa fundi, na kilichotoka ni, "Mama, nikuwekee chai?"

"Weka, maitu."

Nilijiambia nitamwambia jioni. Kisha nikajiambia Jumapili, tukitoka kanisani, akiwa amechangamka. Kisha nikajiambia yamepita, kuyafukua ni kumuumiza upya. Kumbe niliyekuwa namwonea huruma ni mimi mwenyewe. Mvua za masika zilimkuta na kikohozi, na kabla hazijaisha kiharusi cha pili kikamchukua, mchana, mimi nikiwa kazini.

Sijui kama alijua. Alinitazama nikikitandika Jumamosi nyingi sana, na macho yake hayakuwa na kasoro. Kama alijua, basi alilibeba kosa langu akanyamaza nisiaibike. Kama hakujua, basi alikufa akiamini kwamba hata ule mkono mmoja aliobakiwa nao ulikuwa wa kuharibu. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: ni mimi, mama. Nilikuwa na miezi minane ya kuyasema.